Wanaenda kusoma, hawajui kusoma

Ndugu wa Kalemie, wanafunzi wenzetu wa vyuo, wazazi, walimu,

Kiswahili chetu cha huku kiko na neno moja kwa mambo mawili. Kusoma ni kwenda ku masomo. Kusoma ni pia kuangalia maandiko na kuyaelewa. Wazee wetu waliweka neno moja tu, juu kwao hakukuwa namna ya kufanya moja bila ingine. Leo mu Kalemie mambo hayo mawili yameachana. Asubui mapema unaona watoto wa Kataki, wa Kamkolobondo, wa Hewa Bora, wa Lubuye, bulu na nyeupe, wanaenda kusoma. Chukua mumoja wa mwaka wa ine. Mupe mustari mumoja, hata wa Kiswahili: "Mama anauzisha ndakala ku soko." Wengi watakutajia herufi moja moja na kuishia njiani. Wengine watakutazama usoni, wanangojea useme wewe kwanza, njo warudilie.

Wanaenda kusoma, hawajui kusoma. Na watu wote wakubwa wa muji huu wanajua hivyo, wananyamaza.

Hatuandiki juu ya kuchekelea mutoto. Hatuandiki pia juu ya kumutukana mwalimu, mwenye anasimama mbele ya watoto wengi kupita viti, na choki ya kuomba-omba. Tunaandika juu kuko kitu kinaweza kufanyika mu muji huu, kuanzia juma lenye kuja, na hakihitaji hotelia, semina wala banderole. Kinahitaji wanafunzi wa chuo, watoto, veranda moja, na wakubwa wenye kukubali kufungua mulango.

Hesabu yenye hakuna mutu anataka kutaja

Mu 2022, Banki ya Dunia ilitoa hesabu: mu Congo yetu, watoto 97 juu ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi na rahisi. Weka watoto 100 mu uwanja. Watatu tu njo wataweza kukuambia hadithi inasema nini.

Hesabu ile ni ya inchi nzima, haikufanywa juu ya Kalemie peke yake. Lakini nani anaweza kusimama ku bandari akasema kwetu kuko muzuri kupita kwingine? Mu 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba ilifukuza watu maelfu na maelfu mu vijiji vyao. Masomo yalichomwa. Familia zilikuja kulala chini ya majani na mahema, ku Katanika na pembeni ingine ya muji. Mutoto mwenye alikuwa na miaka 6 wakati ule alipaswa kujifunza a-e-i-o-u. Yeye alijifunza kukimbia. Kisha ziwa lilianza kupanda. Mu 2021 na tena mu 2024, maji ya Tanganyika na ya Lukuga yaliingia mu mitaa yetu, na kila mara familia inahama, mutoto njo wa kwanza kupoteza kiti chake ku masomo.

Kwa hiyo mutu asituambie kama watoto wa hapa hawana akili. Pwani hii ya ziwa ilizaa watu wa maandiko zamani sana. Stefano Kaoze, mutoto wa Marungu mwenye alisoma ku Mpala, alikuwa mukongomani wa kwanza kupewa upadri, mu 1917. Akili haikuhama Tanganyika. Chenye kilihama ni mutu wa kukaa pembeni ya mutoto na kumusikiliza anaposoma.

Kujaza viti hapana kufundisha

Sheria kubwa ya inchi, ile ya 2006, mu kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure mu masomo ya serikali. Ilipita miaka 13 mbele Leta ianze kuitimiza, mu mwezi wa 9 wa 2019. Sisi tunaunga mukono elimu ya bure. Tutaitetea mbele ya mutu yeyote mwenye anataka kurudisha ile primu wazazi walikuwa wanalipa. Ni shauri ya elimu ile, mabinti wengi wenye walikuwa wanabaki ku nyumba kulea wadogo zao, leo wako mu kalasi.

Lakini tunakataa uongo moja: ule wa kusema elimu ya bure imefaulu juu viti vimejaa. Kila mwaka wakubwa wanakuja na hesabu ya watoto wenye wameandikishwa. Sawa. Nani anakuja na hesabu ya watoto wenye wanajua kusoma? Ku masomo gani ya Kalemie umeona karatasi ku mulango inasema: "Hapa, mu mwaka wa tatu, watoto fulani wanasoma hadithi, fulani wanasoma neno, fulani bado herufi"? Hakuna. Juu hesabu ile ingewaaibisha.

Na tuangalie namna kosa linatengenezwa, kusudi tusipige mutu asiye na kosa. Mwalimu anapokea kalasi yenye kujaa. Programu inamwambia juma hili ni somo hili, juma lile ni somo lile. Anaandika ku ubao, anasoma kwa sauti, watoto wote wanarudilia. Kalasi inaimba vizuri. Mukaguzi akipita inje anasikia kazi inaendelea. Lakini mu kuimba kule, mutoto mwenye hajui ameficha sauti yake mu sauti ya mwenzake. Hakuna mutu alimusikia yeye peke yake. Mwaka unaisha, anapanda. Mu mwaka wa tatu programu haimurudilie tena herufi, juu inawaza alishazijua. Mu mwaka wa tano anapewa maandiko ya istoria na jeografia. Mu mwaka wa sita anapelekwa ku ENAFEP. Wapi, ku siku gani, kulikuwa saa moja ya kumurudisha ku mwanzo? Haikuwa.

Ongeza juu yake mwalimu mwenyewe. Kuko walimu wanaitwa "nouvelles unités", wenye wanafundisha miaka na miaka bila mushahara wa Leta. Mutu analima asubui, anafundisha na njaa, jioni anauzisha sukari ku mulango. Kumwambia huyo "baki tena saa moja na watoto wenye wamechelewa" ni kumuchekelea.

Ongeza luga. Mutoto wa Kalemie anacheza mu Kiswahili, anagombana mu Kiswahili, anaota mu Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2, 2014 inasema luga za taifa na luga za pale watu wanaishi zitumiwe kwa kufundisha watoto wadogo. Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa. Na bado mu kalasi nyingi mutoto anapewa mizigo miwili mara moja: herufi zenye hazijui, mu Kifaransa chenye hasikii. Vitabu vya kusoma mu Kiswahili vya mwaka wa kwanza na wa pili vilikuwa vimetengenezwa na programu ACCELERE!, kwa feza ya Marekani na Uingereza. Mu mwezi wa 7 wa 2025 shirika la Marekani USAID lilifungwa. Basi, herufi za mutoto wa Congo zilikuwa zinangojea bajeti yenye inapigiwa kura Washington! Hiyo njo aibu yetu kubwa, na haiwezi kuoshwa na shirika lingine lenye kuja na gari nyeupe.

Nani ako na saa na anajua kusoma?

Tujibu bila kuzunguka: mwanafunzi wa chuo. Kalemie iko na chuo kikuu, UNIKAL, na vyuo vingine vya juu. Kuko mia kwa mia ya vijana wenye wanasoma Kiswahili na Kifaransa, wenye wanaishi mu mitaa ile ile na watoto hawa, wenye mama zao wanakutana ku kisima kimoja. Na tuseme kweli, kuko saa. Kuko siku mwalimu wa chuo anachelewa kutoka Lubumbashi. Kuko siku za grevi. Kuko mangaribi yenye inapita ku pembeni ya barabara tukihesabu makosa ya gavana.

Kuhesabu makosa ya gavana ni haki yetu, hatutaiacha. Lakini fanya hesabu hii pia. Wanafunzi 200 wa chuo. Kila mumoja anachukua watoto 5, mara mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara. Ni watoto 1000. Watoto 1000 wa Kalemie wenye mutu mumoja anawajua kwa jina, anajua mumoja ameshindwa wapi, na anamusikiliza peke yake. Mbunge gani ametuletea hivyo?

Hatukuota jambo hili. Mu Kenya, vita ya kisha uchaguzi wa 2007 iliacha kidonda cha kabila mu inchi ile. Mu 2014, serikali ya Kenya ilianzisha programu G-United: vijana wenye wamemaliza chuo kikuu wanatumwa mu masomo ya primeri, mbali na kaunti zao, kusaidia watoto wadogo wenye wanashindwa kusoma. Walitaka vitu viwili mara moja: mutoto ajue kusoma, na kijana ajue watu wenye hawasemi luga ya mama yake. Ndugu wa Tanganyika, sisi wenye tumezika watu juu ya Watwa na Waluba, tusome programu ile mara mbili.

Mu Uhindi, shirika Pratham, lenye lilizaliwa Mumbai mu 1995, lilionyesha namna. Kwanza unamupima kila mutoto peke yake, dakika chache tu, na karatasi moja: herufi, maneno, mistari michache, hadithi fupi. Kisha unawapanga kufuatana na kile wanajua, hapana na umri wala kalasi. Mutoto wa miaka 11 mwenye anajua herufi tu anakaa na wale wa herufi, bila matusi, na anapanda siku anaweza. Watu wa kawaida wa mutaa, wenye hawakusomea ualimu, walifundishwa siku chache na kufanya kazi ile. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wenye walipewa tuzo ya Nobel mu 2019, walipima kazi ile kwa miaka: walilinganisha masomo yenye kuwa nayo na masomo bila yake, na watoto wenye walisaidiwa vile walijua zaidi.

Mu Zambia, pale mashua zetu zinafika ku Mpulungu, wizara ya elimu ilianza njia ile ile mu 2016, kwa watoto wa mwaka wa tatu mpaka wa tano, na kuifanya mu luga za kule. Hata Marekani, tajiri vile, mu 1997 serikali yake ilikubali kulipa yenyewe mushahara wa wanafunzi wa chuo wenye wanaenda kusaidia watoto kusoma. Hawakuona haya. Sisi tuone haya ya nini?

Na kuko somo lingine, ng'ambo ya ziwa. Tanzania inafundisha primeri mu Kiswahili tangu 1967. Mu 2010 wananchi wenyewe, ku kampeni ya Uwezo, walipita nyumba kwa nyumba na karatasi ndogo ya mwaka wa pili, wakawaomba watoto wasome. Mu mwaka wa tatu, karibu watoto 3 tu juu ya 10 waliweza kusoma hadithi ile ya Kiswahili. Tunataja jambo hili kusudi mutu asifikiri Kiswahili peke yake kitatuokoa. Luga ya nyumbani inaondoa muzigo moja. Bado inabaki kazi ya kukaa na mutoto na kumusikiliza. Na kampeni ile ilitufundisha hii tena: wananchi wako na haki ya kupima wenyewe, bila kungojea ripoti ya wizara.

Maneno yenye tunasikia

"Munafanya kazi ya Leta bure. Leta itafurahi, italala." Neno hili linatoka kwa wenzetu wa mapambano, kwa hiyo tunalijibu kwa heshima. Ni kweli, Leta yetu inapenda watu wenye kubeba muzigo wake na kunyamaza. Lakini sisi hatutanyamaza. Kila mutoto tutampima, na kila hesabu tutaitangaza. Mwanafunzi wa chuo mwenye amekaa miezi mitatu na watoto watano ni shahidi: anajua kitabu kinakosekana wapi, mwalimu gani hajalipwa, paa gani inavuja. Gavana anaweza kukataa tangazo letu. Atakataa namna gani majina 1000 na kila jina na kile linaweza kusoma? Tena, mutoto wa mwaka wa tatu hawezi kungojea. Tukikaa tunangojea serikali nzuri, yeye atakuwa na miaka 20 siku inafika, na ataisalimia kwa kidole mu wino.

"Nani atatulipa transpo?" Kuko mashirika yalituzoeza vibaya: kila mukutano na bahasha yake, kila semina na soda yake. Kazi hii inafanyika mu mutaa wako mwenyewe, kwa miguu. Kama feza ya kweli itatoka siku moja, itolewe na Leta, kwa barua, kwa wote, na kwa hesabu ya wazi. Mpaka siku ile, mutu mwenye anatafuta bahasha atafute kwingine.

"Wanafunzi hawako walimu." Ni kweli, na hatutaki wawe. Mwalimu anabaki mwalimu. Kijana ni yaya mwenye anasaidia mudogo wake kisha kalasi. Hatakaa ku kiti cha mwalimu, hatapanga programu, hatatoa pointi. Na serikali isitumie siku moja vijana hawa kusema haiko tena na lazima ya kulipa walimu. Siku itasema vile, sisi njo tutakuwa wa kwanza mu barabara, pembeni ya walimu.

"Mutawaharibia Kifaransa." Wazazi wengi wanaogopa hivi, na tunawaelewa: mu inchi hii Kifaransa kinafungua biro. Lakini mama, baba, sikilizeni: mutu anajifunza kusoma mara moja tu mu maisha. Mwenye ameelewa kama herufi m na a zinafanya "ma", ameelewa kwa luga zote. Akishasoma hadithi ya Kiswahili bila kukwama, herufi zile zile zitamubeba mu Kifaransa, na sasa akili yake iko huru kujifunza maneno mapya. Mwenye anarudilia Kifaransa bila kujua herufi hana Kifaransa, na hana Kiswahili cha kuandika. Yeye njo ameharibiwa.

Juu ya nini jambo hili ni la mapambano

Wengine watauliza: vijana wenye wanadai maji, umeme, barabara na usalama, wanatafuta nini mu herufi za watoto?

Tazama mama ku soko. Kila asubui anatoa franga, anapewa kikaratasi. Kikaratasi kinasema ngapi? Ni cha wilaya, cha jimbo, ao cha mufuko wa mutu? Hawezi kujua. Tazama baba mwenye analetewa karatasi ya kiwanja, anaambiwa "tia kidole hapa." Tazama mugonjwa na chupa ya dawa. Tazama mupiga kura mbele ya mashine, anamuuliza ajenti amufinyie, na ajenti anamufinyia yule anapenda. Kila mutu mwenye hawezi kusoma analazimishwa kuamini mutu mwingine, na mu inchi hii tunajua imani ile inalipwa namna gani. Wizi wa hapa hauna lazima ya bunduki kila siku. Unatosha na karatasi mbele ya mutu mwenye hajui kusoma.

Na sisi tunaandika matangazo haya kwa nani? Kwa wenye wanajua kusoma. Kama watoto 97 juu ya 100 wanabaki vile, kisha miaka 10 tutakuwa tunaandikiana sisi kwa sisi.

Namna ya kufanya

Mwanafunzi mwenzetu, hii njo kazi, na kanuni zake ziko kali.

Fanya hesabu ya kila mutoto peke yake siku ya kwanza. Andika: herufi, neno, mustari, hadithi. Rudilia kupima kila mwezi.

Shika kikundi cha watoto 5, hapana 20. Ukichukua 20, utarudia kuimba.

Anza na Kiswahili. Kama kitabu hakuna, mutoto akuambie hadithi yake ya ziwa, ya bibi yake, ya mbuzi wa jirani. Wewe andika mistari mine ku karatasi kwa herufi kubwa, kisha asome maneno yake mwenyewe. Hiyo ni kitabu, na haitoki Kinshasa.

Mutoto asome kuliko wewe. Ukisikia sauti yako ni mingi, funga kinywa.

Usipige. Usitukane. Usimuite "mujinga" hata kwa kucheka.

Kazi inafanyika mahali wazi: ku veranda, chini ya muti, mu kalasi yenye mulango kufunguliwa, na kila mara mukiwa vijana wawili ao zaidi. Hakuna kubaki peke yako na mutoto. Hakuna kumutuma sigara wala maji. Hakuna kumufuata ku nyumba bila muzazi kujua. Mwenye atavunja kanuni hii hatafukuzwa tu. Tutamupeleka mbele ya sheria sisi wenyewe.

Hakuna feza kwa muzazi. Siku mutu ataomba franga 500 "ya choki", kazi imekufa.

Usichague watoto wa kabila lako. Mu kila kikundi tunataka watoto wa muji na wale wenye familia zao zilikimbia, Watwa na Waluba na wengine wote, karatasi moja mbele yao.

Na usianze kama hutafika ku mwisho wa mwaka. Mutoto mwenye ameachwa na watu wengi hana lazima ya yaya wa juma mbili na picha ya simu.

Tunadai

Kwa Proved na wakubwa wa sudivizio za elimu: barua moja, fupi, yenye inaruhusu masomo ya primeri ya Kalemie kufungulia watoto na vijana hawa veranda na kalasi kisha saa za masomo, na siku ya posho. Choki na ubao visifungiwe. Kuko mukubwa wa masomo mumoja aliwaomba wenzetu "ordre de mission" kusudi wasikilize mutoto wa jirani yao akisoma. Barua itamaliza mambo hayo.

Kwa wakubwa wa UNIKAL na wa vyuo vyote vya Kalemie: mufumo wa LMD unahesabu kazi ya mwanafunzi kwa kredi. Muhesabu kazi hii. Mwanafunzi mwenye amesaidia watoto 5 mwaka muzima na ameandika ripoti yenye majaribio yake, apewe kredi sawa ya staji. Haitawagarimu hata franga moja.

Kwa serikali ya jimbo na ya Kinshasa: mulipe walimu wote, na wale wa "nouvelles unités" wa kwanza. Mutoe vitabu vya kusoma vya Kiswahili mu kila kalasi ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa feza ya inchi hii, sawa vile sheria ya 2014 inalazimisha. Feza iko, tunaiona ikipita mu magari.

Kwa kila masomo ya primeri: ku mwisho wa mwaka, mutundike ku mulango hesabu ya watoto wa mwaka wa tatu wenye wanasoma hadithi fupi bila musaada. Bila majina ya watoto, hesabu tu. Wazazi wako na haki ya kujua.

Na kwenu wazazi, ombi moja lenye halina bei. Leo jioni, mbele ya chakula, mwite mutoto wako. Mupe chochote chenye kuandikwa: Biblia, kikaratasi cha dawa, gunia la unga. Mwambie: "Nisomee." Hata kama wewe mwenyewe hujui kusoma, utasikia kama anasoma ao anatafuta. Kama anatafuta, usimupige. Kosa halitoki kwake. Kesho yake nenda ku masomo yake, na wazazi wenzako watatu ao wanne, muulize kwa utulivu: mutoto wetu anasoma ku kiwango gani, na mutafanya nini? Na kama mu mutaa wenu kuko mwanafunzi wa chuo, mugonge ku mulango wake. Mwambie ako na wadogo watano wanamungojea.

Kalemie, sisi vijana